Anayezima Amelala

Skuta ilinoki juu ya daraja, asubuhi, Bosi akiwa nyuma na magongo yake yamelazwa mbele kwenye kibao cha miguu. Haikukohoa wala kutoa onyo la kistaarabu. Ilitoa mlio kama wa mtu anayesaga meno usingizini, gurudumu la nyuma likashikwa, likaachia, kisha pakawa kimya. Baba mtu aliiacha ijiburute mpaka pembeni, akashusha miguu yote miwili chini, akabaki ameshika usukani kama anayesubiri taa za barabarani zimruhusu.

"Mbona tumesimama?" Bosi aliuliza.

"Imepata joto. Iache ipumue kidogo."

Bosi alikuwa msichana wa miaka tisa. Jina hilo alilipata hapo hapo kwenye kiti cha nyuma, kwa tabia yake ya kutoa amri: mpite huyu, punguza mwendo, kuna shimo. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu kuzaliwa, na shule yenye njia za mteremko badala ya ngazi ilikuwa upande wa pili wa mji. Makondakta wa mabasi wakiona magongo hutazama juu, utadhani wanakagua mvua. Ndiyo maana baba yake alinunua skuta na si pikipiki. Skuta iko wazi katikati. Mtoto hushika kiti, hujivuta, hupanda mwenyewe. Kwa ajili hiyo alivumilia wabebaji wenzake wa mizigo, waliomwita Bi Harusi, eti kwa kuwa hukaa amebana miguu.

Alikanyaga kiki. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Alikanyaga tena, ingawa alishajua, kisha akaanza kusukuma, mtoto akiwa juu, jua likiwa tayari limeamka vibaya.

Watu hawakosi la kusema. "Mafuta yameisha, mzee?" aliuliza mmoja. Mwingine, muuza soksi, alimshauri amhurumie punda, ampunguzie mzigo. Baba aliendelea kusukuma. Bosi ndiye aliyemjibu kila mtu, kwa adabu, "Mafuta yapo, imepata joto tu," na kila alipolisema hilo baba yake alitamani anyamaze, kisha akaona aibu kwa kutamani hivyo.

Lililomkaa kooni halikuwa skuta. Lilikuwa neno walilokubaliana na mama mkubwa wa mtoto, yaani dada wa mkewe, ambaye anakaa na mumewe jirani na shule na ndiye aliyehangaika mpaka Bosi akapata nafasi pale. Tangu mwanzo alitaka mtoto akae kwake. Mkewe alikataa katakata. Mwisho wakaelewana hivi: maadamu mnamleta kila siku na kwa wakati, mtoto atalala kwenu. Siku mkishindwa, anahamia kwangu.

Walipofika, kipindi cha mazoezi ya miguu kilikuwa kimekwisha, na mwalimu alikuwa ameshampigia simu mama mkubwa. "Sikukusudia kukusemea, mzee," mwalimu alisema. "Nilidhani mmepata ajali." Alikuwa anasema kweli, kwa hiyo baba hakuwa hata na mtu wa kumkasirikia.

*

Fundi wa gereji alilaza gogo la kukalia, akakaa, akafungua nati ya chini ya injini na kutega kopo. Wakasubiri oili imwagike. Kilitoka kitu cheusi, kizito, kama uji ulioungua chini ya sufuria, tena kidogo tu.

"Sevisi ya mwisho ilikuwa lini?"

"Nyingine haijafika." Baba alisema haraka, maana hilo alikuwa na uhakika nalo. "Aliyeniuzia aliniambia kila kilometa elfu tatu. Sijawahi kupitisha hata mara moja. Tazama mita."

Fundi aliinuka, akafuta kioo cha mita kwa kidole gumba. "Kweli, haijafika."

"Sasa?"

"Unafanya kazi wapi?"

"Nabeba dawa. Pale duka la jumla."

"Wale mnaongoja getini?"

"Ndiyo."

"Mkingoja, mnazima?"

Baba alitafuta kitambaa cha kufutia mikono, ingawa mikono yake haikuwa imeshika kitu.

Pale duka la jumla palikuwa na utaratibu wake. Karani hakupenda foleni wala ugomvi. Alitoka na kifurushi mkononi, akataja mtaa, na mbebaji ambaye gurudumu lake la mbele lilivuka kwanza mstari wa geti ndiye aliyekichukua. Injini ikishapata joto, kuiwasha ni bahati nasibu, hasa kwa skuta kuukuu. Kwa hiyo hakuna aliyezima. Walikaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri, juani, ukuta wa mabati ukiwarudishia joto lao, injini zikinguruma chini yao bila kwenda popote. Walikuwa na msemo wao: anayezima amelala. Mgeni alifundishwa msemo huo hata kabla ya kuulizwa jina.

"Hiyo elfu tatu ni ya mtu anayekwenda na kuzima, tena penye ubaridi," fundi alisema. "Kwa joto letu igawe nusu. Na kwa asiyezima, mimi sina hesabu yake. Mita inahesabu mwendo tu. Mkisimama pale mita inalala, oili inaungua."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini?" Fundi hakuwa mkali. "Usinichukie, ndugu yangu. Nyie wa getini ndio mnaonisomeshea watoto."

Akataja vya kununua: pistoni, silinda, na vingine ambavyo angeviona akifungua. Akasema haitakuwa wiki hii, wala ijayo asiahidi. Baba aliitikia kila kimoja kwa kichwa. Hakusikia hasira wala huzuni. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, ambaye anajua kuna kitu kinang'olewa na hakisikii.

*

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walikuwa na chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande mmoja vitanda, upande mwingine cherehani mbili, ya kushonea na ya kudarizi, na nguo za watu kila mahali.

"Elfu tatu haijafika," baba alimweleza. "Fundi mwenyewe ameona."

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Unakumbuka siku ile nilikuletea chakula pale getini? Nikawakuta wote mnanguruma na hamwendi. Nikakuambia, izime basi, inachemka kama sufuria. Ukanijibu nini?"

Baba alitazama pazia.

"Ukaniambia anayezima amelala. Na mimi nikacheka." Alikata uzi kwa meno. "Siku hiyo ulikuwa umepata vifurushi vingi kuliko wenzako wote. Nikaona basi ndiyo werevu wenyewe huo."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Matusi mtu huyajibu, au hutoka nje mpaka yapoe. Hili la kujigawia kosa nusu kwa nusu lilimwacha amesimama katikati ya chumba hana pa kuweka mikono.

Mama mkubwa alikuja na gari jioni hiyo, akiwa na Bosi. Alikaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa viti vilikuwa na nguo. Alikuwa mwanamke wa kupanga mambo. Hakuwa na roho mbaya, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumkatalia.

"Shemeji, pole kwa chombo."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Sikuja kugombana na mtu."

"Nitampeleka kwa basi," mkewe alisema kabla hajaulizwa. "Wasipotuchukua, nitambeba mgongoni."

"Kwa mgongo upi? Huo unaoupaka dawa kila siku?"

"Ni mgongo wangu, dada."

"Ni wako, sikatai. Na mtoto ni wako. Ila nafasi ni ya shule, na wapo wanaoingoja. Mwalimu ameniambia leo kwa upole. Wewe unajua, mtu akishaanza kukuambia kwa upole, ameshaamua."

Bosi alikuwa ameketi mlangoni na magongo mapajani, akisikiliza kila neno. Watu wazima huwa wanasahau kwamba miguu siyo masikio. "Mpaka skuta ipone?" aliuliza.

"Mpaka ipone," baba alisema.

"Basi niwekeeni sare zote mbili."

Mama yake alizikunja. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena kwa namna ile ile. Majirani wawili walisimama uani wakijifanya wanaanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Hakuna aliyelia. Gari lilipoondoka, mkewe alirudi kwenye cherehani, akamalizia pindo la suruali ya mtu, akaja kugundua kesho yake kwamba alishona mguu mmoja ukafungika kabisa.

*

Asiye na chombo hana nafasi getini, lakini ndani ya duka la jumla kulikuwa na kazi ya kushusha maboksi kwenye lori. Baba aliomba, akapewa. Wenzake walimwona akipita na boksi begani, wao wakiwa juu ya pikipiki zinazonguruma. "Bi Harusi kaachika," mmoja alisema. Wakacheka, naye akacheka, kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri na kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya jambo jingine. Aliwaeleza aliyoambiwa na fundi, kwamba wawe wanazima, oili inaungua. Walimsikiliza kwa ile heshima wanayopewa wafiwa. Kisha karani akatoka, akataja mtaa, wakachomoka wote wakamwachia moshi.

Nyumbani siku zilikwenda bila kelele. Bosi alipiga simu kila jioni kutoka kwa mama yake mkubwa. Mwanzoni alikuwa na mengi ya kusema, baadaye machache, kama mtu mwenye shughuli zake. Mama yake aliendelea kupika chakula cha watu watatu, na kilichobaki alikula yeye asubuhi, cha baridi, amesimama. Hawakulizungumza. Ungemuuliza mmoja wao anajisikiaje, angekuambia hasikii kitu, na asingekuwa amekudanganya.

Cherehani ya kudarizi ikauzwa. Fundi akapata vifaa vyake, akaifunga injini, ikawaka. Siku ya kuichukua mkewe alikwenda pia, akamsimamia fundi kama mnunuzi wa mbuzi.

"Nieleze mimi," alisema. "Huyu ana masikio ya getini."

"Akisimama, azime. Oili abadilishe kila mwezi, mita iseme isiseme. Na asubuhi kabla ya kutoka achomoe kijiti hiki, atazame kama oili ipo."

"Kila mwezi ukiandama," mkewe alimwambia mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Akawa anazima kweli. Karani alipotaja mtaa, yeye alianza kukanyaga kiki, na mpaka iitike wenzake walikuwa wameshavuka mstari. Alipata vifurushi vya mbali ambavyo wengine walivikwepa. Walimwambia amelala, akakubali amelala. Alikuwa anangoja Ijumaa tu, shule ikifungwa, akamchukue mtoto wake.

*

Alifika kwa mama mkubwa na skuta iliyooshwa. Bosi alitoka mwenyewe mpaka barazani, magongo yakigonga vigae kwa kasi ambayo baba yake hakuizoea. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliikagua skuta mbele na nyuma, akauliza kama imepona kabisa.

"Imepona. Chukua begi lako twende. Mama yako anangoja."

Bosi alishika kiti, lakini hakujivuta. "Baba, huku naenda shule mwenyewe. Unaliona lile geti la bluu? Ni pale tu. Naenda na wenzangu."

"Naliona."

"Halafu kuna choo cha kukaa." Alipunguza sauti, si kwa haya, bali kama anayemgawia mtu siri tamu. "Baba mkubwa amefunga vyuma ukutani vya kushikia. Naingia peke yangu. Nafunga mlango. Hakuna mtu anayenishika."

Kwao choo kilikuwa uani, cha tundu, cha wapangaji wote, na mlango wake haukufunga vizuri. Tangu Bosi alipoacha nepi, mama yake ndiye aliyemshika kwapani humo ndani, ameinama naye, huku wapangaji wakisubiri nje na makopo yao ya maji. Baba alilijua jambo hilo kama alivyojua rangi ya kuta zao. Hakuwahi kuwaza hata siku moja kwamba kuna mtu lilikuwa linamuumiza.

Alimtazama mama mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni. Angeweza kusema neno la ushindi, na hakusema.

"Kwa hiyo hutaki kurudi," baba alimwambia mtoto.

"Nataka kuja Jumamosi. Uje unichukue asubuhi, jioni unirudishe." Alifikiri. "Kila Jumamosi. Sawa?"

"Sawa, bosi."

Akarudi na kiti cha nyuma kitupu. Injini ilikwenda vizuri, haikusitasita hata kwenye mlima. Fundi alikuwa amefanya kazi yake. Ganzi ya wiki zote zile ilianza kumtoka hapo barabarani, na ilipotoka iliuma vibaya sana, akalazimika kusimama kando na kuzima, akajifanya anachungulia tairi.

"Yuko wapi?" mkewe aliuliza.

"Amesema Jumamosi."

"Dada amemzuia?"

"Hapana. Mwenyewe amesema. Shule anaenda kwa miguu, na wenzake." Akaeleza habari za geti la bluu. La choo alilimeza, akaona huyu naye amebeba vya kutosha.

Mkewe alisimama akitazama mlango. "Amenenepa?" aliuliza.

"Kidogo."

"Haya," alisema, akaenda kuepua chungu motoni.

*

Jumamosi joto lilikuwa la kukaanga bati. Mama alifua mapazia, akamshonea Bosi gauni kwa kitambaa kilichobaki kwa mteja, akapika mapema. Mtoto alikuja na hadithi tele. Aliigiza sauti ya mwalimu na mwendo wa mbwa wa jirani wa huko, na mama yake akacheka mpaka akashika ubavu. Muda mfupi ule chumba kilikuwa kama zamani. Baba akatoka nje kutazama kijiti cha oili, ingawa alikuwa amekitazama asubuhi.

"Kunywa maji, mwanangu," mama alisema.

"Baadaye, mama."

Bilauri ilikaa mezani mpaka maji yakawa vuguvugu. Mama aliyamwaga, akaenda kuomba ya baridi kwenye jokofu la jirani. Bosi alishukuru, akaisogeza bilauri pembeni. Alikula chakula kikavu, akaacha mchuzi. Jasho lilimtiririka shingoni, na alipocheka midomo yake ilinata.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Joto lote hili, midomo imekukauka. Kwa nini hunywi?"

Bosi alitazama kwenye pazia. Alikuwa mtoto mwenye adabu na hakupenda kumuudhi mtu. "Nikinywa nitataka kwenda uani."

"Sasa si nitakupeleka? Lini umenisikia nimechoka kukupeleka?"

"Hujachoka, mama." Akasita. "Nitangoja tu mpaka nikifika kule."

Mama alibaki amekaa, mkono mmoja juu ya gauni jipya. Alielewa yote kwa pamoja. Akaona miaka yote ile ya kwenda na kurudi uani, ambayo yeye aliihesabu kuwa ndiyo mapenzi yenyewe, na akamwona mtoto akiwa ndani yake, kimya, akingoja kila mara iishe. Hakujua alie au afurahi. Alisimama, akaenda mlangoni.

"Mrudishe mtoto," alimwambia mumewe.

"Sasa hivi? Jua bado liko juu. Tulisema jioni."

"Mrudishe sasa, baba Bosi."

Mumewe alichungulia ndani, akaiona bilauri imejaa mpaka ukingoni. Alikwenda kuwasha.

Bosi alishika kiti, akajivuta, akapanda mwenyewe. Mama yake alimlazia magongo mbele kwenye kibao cha miguu, akamnyoosha kola ambayo haikuwa imekunjika. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya kumwomba abaki.

"Ukifika tu," alisema, "unywe maji."